Nilivyokwenda Napoli Kumkagua Mkwe

Nilipanda ndege nikiwa nimeshaamua kukataa. Binti yangu wa mwisho, aliyekwenda Italia kusomea uuguzi, alitaka kuolewa na kijana wa huko, lakini alisema hafungi ndoa mpaka mimi nimwone huyo kijana na niseme ndiyo kwa mdomo wangu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa langu. Kaka yangu wa Usevya alinisindikiza hadi stendi ya Mpanda akaniambia, "Dada, kagua. Mtu akikuchekea sana, jiulize anaficha nini." Wala sikuhitaji kuambiwa. Mimi ndivyo nilivyozaliwa.

Siku ya pili baada ya kufika Napoli, kijana akasema atatutembeza mji wa zamani. Nikadhani nitaoneshwa mambo ya maana. Nikaingizwa kwenye vichochoro ambavyo jua halifiki, kuta zimebanduka rangi, watu wamechorachora hadi kwenye mlango wa kanisa, na nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Chupi, jamani! Chupi za mtu mzima zinanidondoshea maji kwenye kilemba, na mwenyewe yuko dirishani ananipungia mkono. Pikipiki zinakupita ubavuni, watu watatu mshikaki, hakuna aliyevaa kofia. Nikaubana mkoba wangu kwapani kama niko mnadani.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kila mtu alimjua yule kijana. Muuza samaki anamwita, kinyozi anamwita, mabinti wa dukani ndiyo usiseme.

"Mbona wanamwita kila kona?" nikamuuliza binti yangu.

"Kazaliwa hapa, mama."

"Na mimi nimezeekea Kawajense. Wauza nyanya hawanipigii mluzi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwetu, kijana anayejulikana kijiwe hadi kijiwe, kwanza unauliza anauza nini.

Pale pale kikapu kikashuka kwa kamba kutoka ghorofani. Kijana akatumbukiza kitu, kamba ikavutwa juu. Machale yakanicheza.

"Kaweka nini mle?"

"Mkate, mama. Bibi wa juu miguu inamsumbua, hawezi ngazi."

"Mwambie akishushe tena."

"Mama, jamani!"

"Kishushwe."

Kikashushwa. Ulikuwa mkate kweli. Yule bibi akanirushia busu kutoka dirishani, nikaona aibu, ila kidogo tu.

Nisiwe mwongo, mji ule ulinipendeza, na nilichukia kwamba unanipendeza. Harufu ya mkate ilitoka kila mlango, mawe ya njia yamelainishwa na nyayo za watu mpaka yanang'aa. Wazee wamekaa nje kwenye viti vya plastiki wanafokeana kwa mikono yote miwili. Nilidhani ugomvi, kumbe wanaulizana leo kwao kumepikwa nini. Nikajisemea, shtuka mama, unalainishwa hivi hivi.

Jioni tukapanda ngazi za giza hadi kwa mama yake kijana. Mjane kama mimi, mfupi, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Akanikumbatia, akaongea mfululizo mpaka pumzi zikamwishia. Nikamgeukia binti yangu.

"Anasema karibu."

"Maneno yote yale ni karibu tu?"

"Karibu sana, mama."

Nikajua napigwa changa la macho.

Yule mama akaniwekea kikombe kidogo cha kahawa, nyeusi tii, akakaa ananitazama. Na mimi nikakitazama kikombe. Sisi ambao wazee wetu walihamia kutoka Burundi hatupokei kinywaji hivi hivi. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni anamwona, ndipo anapokea. Iwe togwa, iwe chai, hiyo ndiyo heshima. Asipoonja, amekutukana au anataka kukuua. Na huyu hakuonja. Kahawa ikapoa. Kijana anatutazama kwa zamu, jasho linamtoka. Ile sauti kubwa ya mama yake ikakatika, machozi yakamlengalenga. Nikafurahi, haki ya Mungu. Sababu ya kukataa nimeipata.

Hapo binti yangu akainuka kutoka ubavuni mwangu. Akazunguka meza, akasimama upande wa yule mama. Akachukua kikombe changu, akaonja, akafuta ukingo kwa kidole, akanipa kwa mikono miwili huku amepiga goti, vile vile nilivyomfundisha.

"Karibu, mama," akasema.

Nikapokea. Anayeonja ni mwenye nyumba, na mwanangu ameonja. Nimesafiri kote kule nije niamue kama nitamtoa, kumbe kashaondoka zamani, na mgeni mle ndani ni mimi. Iliniuma, jamani, iliniuma sana. Wote watatu walikuwa wananitazama mdomoni.

Nikainywa kahawa yote, na ubaridi wake na uchungu wake, nikarudisha kikombe mkononi mwa binti yangu. Kisha nikasema ndiyo, nikamshukuru yeye, mwenye nyumba.