Shemine ya Baba Kule Rubondo

Nyumba yetu ya udongo kule Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ilikuwa na shemine, lile bomba la matofali la kutolea moshi juu ya paa. Wazo lilikuwa la baba. Utotoni mwake, Bukavu, babu alikuwa mpishi katika nyumba ya Mbelgiji. Baba hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Alichokiona vizuri kutoka uani ni shemine. Basi kwake nyumba isiyo na shemine ilikuwa banda.

Shida ilikuwa mama. Tangu tufike alikataa katakata kuiita Rubondo kwetu. Baba akimwuliza nyumba iweje, alijibu, "Hapa ni fasi ya kupita," yaani mahali pa kupita tu. Baba alitumaini shemine ingemlainisha. Masikini baba.

Siku alipowasha moto wa kwanza, bwana mmoja kutoka Juru, upande mwingine wa makazi, alishuka baiskeli mlangoni petu. Mabomba ya moshi aliyoyajua yeye yalikuwa ya tanuri za mikate tu.

"Mama, mukate iko?"

"Hakuna mukate. Ile ni uzungu ya bwana yangu."

Wakaja na wengine. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma, baba akanuna. Lakini mama alizaliwa sokoni. Biashara matangazo, na tangazo letu lilikuwa limesimama juu ya paa. Akamwambia baba ageuze moto wake uwe tanuri, kisha akanichukua twende Mbarara kununua unga wa ngano.

Mjini alisimama mbele ya maduka ya zamani waliyojenga Wahindi enzi za Mwingereza, yenye nguzo na baraza pana, mafundi cherehani wakishona kivulini. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anapima kwa macho.

Tuliporudi aliamuru baraza. Baba akakanyaga udongo huku anapiga mluzi. Tukawa na Mbelgiji nyuma, Mwingereza mbele, na matope yetu katikati. Majirani walitutania sana, nami niliipenda nyumba ile kuliko zote za Mbarara.

Mkate wa kwanza ulipoiva, wanunuzi wakajaa mpaka chumbani. Mama akawatoa wote, akaugonga ukuta wa mbele kwa kiganja, akamwita baba.

"Toboa dirisha hapa. Batu ba mukate basimame inje. Humu ndani ni kwangu."