Simba wa Sikio Moja

Usipotaka kuamini, shauri yako. Shemeji yangu Yohana yupo hai, nenda Makole umtazame jicho.

Ilikuwa enzi za ruksa, kila mtu Dodoma anafungua duka. Tajiri mmoja akanunua jengo la kale karibu na stesheni, lililojengwa zamani na mfanyabiashara wa ngozi. Juu ya mlango walikaa simba wawili wa saruji. Tajiri alitaka pale pawe na bango la redio kaseti. "Vunjeni," akatuambia mimi na Yohana, mume wa dada yangu. Sisi mafundi, kazi ni kazi, tukaweka ngazi.

Nikaanza na simba wa kushoto. Sikio lilipodondoka, koo lilikuwa limeshanikauka. Jua la Dodoma unalijua. Nikashuka, nikafungua kufuli, nikaingia dukani kuchukua dumu la maji.

Mle ndani alikaa mzee wa kanzu. Duka tupu, ufunguo ninao mimi, sasa huyu kapitia wapi? Alikuwa amebana sikio kwa kiganja, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwangu watu hupiga hodi, mwanangu."

"Nani kakuumiza?"

Akaitazama nyundo mkononi mwangu. "Mwambie mwenzako jicho aliache," akasema, kwa upole kabisa.

Nilitoka mbio. Yohana alikuwa ngazini, keshaweka tindo kwenye jicho la simba yule yule.

"Yohana, acha! Shuka!"

"Shemeji, jua limekupiga!" Akacheka, akagonga mara moja tu.

Kipande cha saruji kiliruka kikamwingia jichoni. Hospitali walihangaika naye, wakashindwa. Jioni nilirudi kufunga duka, mzee hayupo, dumu langu liko pale pale. Niliogopa, sikufichi.

Tajiri aliposikia, bango akalipachika ubavuni. Simba wale wapo hadi leo.

Utasema ni ajali ya kazini. Sawa. Lakini kabla sijamsimulia Yohana neno lolote, aliniuliza yule mzee wa kanzu ni nani. Jicho lile lililokufa, anasema, halioni giza. Linamwona mzee amekaa, mkono mmoja sikioni, mwingine kafunikia jicho.

Wewe fundi, ukipewa jengo la kale, piga hodi kabla hujapanda. Ukisikia "karibu", kusanya vyombo vyako uende zako.