Dakika Tatu Bila Salamu

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Mombasa, na sidhani katika muda wote aliokaa Kisii alimaliza wiki moja bila kulalamikia mvua. Alitufundisha kutengeneza sauti za michezo ya redio, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Tulivunja mabua ya mahindi yakawa mifupa. Tulitikisa bati likawa radi. Mtu akipanda ngazi wakati tunarekodi tulisimama, tukamngoja apite, tukaanza upya. Siku moja mteja wa vitambaa alipiga chafya huko chini, na mfalme wetu akalazimika kufa mara ya pili.

Hayo niliyavumilia. Lililonitoa jasho ni jaribio la mwisho wa muhula. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kaseti yenye dakika tatu za mahali anapopajua, watu wakiwa kazini, bila neno hata moja linalosikika na bila kukatwa popote. Sauti hiyo ingewekwa chini ya maneno ya waigizaji. Ikiwa na maneno yake yenyewe, msikilizaji angesikia mazungumzo mawili kwa pamoja. Mimi nilipewa shamba la chai, kwa kuwa nilizaliwa katikati ya chai, upande wa Nyamira.

"Wewe ndiwe uliyepata rahisi kuliko wote, binti," mwalimu aliniambia.

Aliyeshindwa hakuendelea na muhula wa pili. Na nyumbani makubaliano yalikuwa wazi: nisipoendelea, ningekwenda chuo cha ualimu, ambako mjomba wangu alikuwa ameshanitafutia nafasi. Kila Sabato alinitazama kama mtu anayetazama ndizi iliyokaribia kuiva.

Alhamisi asubuhi nilisimama kwenye kijia kinachopita kati ya shamba letu na la jirani, rekoda begani, hedifoni masikioni, maikrofoni mkononi. Wanawake walikuwa wakichuma. Sauti ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia: majani yakikatwa kwa vidole, yakitupwa kikapuni, karatasi za nailoni walizojifunga viunoni zikikwaruza mimea. Sijamaliza dakika moja, jirani yetu akaniona.

"Bwakire buya!"

Kwetu salamu ya asubuhi haiishi kwa neno moja. Unaulizwa umeamkaje, unajibu, unauliza wa kwao wameamkaje, mnapita kwa mama, kwa ng'ombe, kwa mvua ya jana, na hakuna anayeondoka mpaka kila mmoja wa nyumba zote mbili amefikiwa. Mimi nilinyamaza. Nilionyesha maikrofoni kwa kidole, nikidhani ataelewa. Hedifoni zikaniletea kila kitu kana kwamba wanawake wale walikuwa wamekaa begani kwangu.

"Amezibwa masikio?"

"Si ndiye anayesoma Kisii?"

"Kwani huko Kisii wanafundishwa kunyamazia watu?"

"Mwache, amekuwa mkubwa. Kesho atatuonyesha njia ya kupita."

"Na hicho kijiti anachotuelekezea?"

"Anatupima."

Nilirudisha kaseti nyuma, nikaanza upya. Akapita mzee na ng'ombe wake, akasalimia, akasimama kungoja jibu, na ng'ombe naye akasimama. Nikaanza upya. Wakapita waimbaji wa kwaya, na hao walisalimia mmoja baada ya mwingine. Hivyo hivyo hadi mvua iliponifukuza.

Jioni mama alikuwa ananingoja jikoni.

"Wamekuja hapa wanawake watatu kuuliza kama kuna jambo walitukosea."

"Mama, huo ni mtihani."

"Mtihani wa kutosalimia?"

"Wa kurekodi."

"Basi rekodi huku ukisalimia. Mdomo na mkono vimeunganishwa?"

Nilimweleza mambo ya waigizaji na mazungumzo mawili kwa pamoja. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nikoroge ugali.

Sikujua kwamba alikuwa amekwenda kumwona karani wa kanisa. Siku ya Sabato, baada ya tangazo la mazoezi ya kwaya na la mazishi, karani alirekebisha miwani akasema, "Jumatatu msichana wetu ana mtihani wake shambani. Ndugu wapendwa, tafadhali asisalimiwe." Kanisa zima likaitikia amina. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho, maana kaseti zilitakiwa Jumanne. Nilifika kijiani, nikabonyeza kitufe, nikasikiliza. Hakuna kitu. Nikakagua waya. Nikatoa betri, nikazisugua kwa sketi, nikazirudisha. Hakuna kitu bado. Ndipo nilipoinua macho.

Walikuwa wengi kuliko Alhamisi. Wamesimama wima katikati ya chai, mikono imekunjwa, vichwa vimeinama kidogo, kama watu wanaongoja sala iishe. Ndama wa jirani alikuwa amehamishwa asije akalia. Mwanamke mmoja alikuwa amejaza pindo la leso mdomoni ili asikohoe, na machozi yanamtoka. Nikawapungia mkono kwamba waendelee na kazi. Wote wakanipungia, polepole, kwa adabu kubwa.

Nikavua hedifoni. "Mbona hamchumi?"

Kimya.

"Jamani, mbona hamchumi?"

Wakatazamana. Jirani yetu akanong'ona, "Tumeruhusiwa kuongea?"

"Nataka sauti ya kazi! Chumeni!"

"Karani alisema tusikusalimie."

"Kusalimia, ndiyo. Alisema msichume?"

"Sasa tutachumaje na wewe umesimama hapo hatujakusalimia? Mkono hauendi."

Yule wa leso akapata nafasi, akakohoa kikohozi chote alichokuwa nacho.

Mama, aliyekuwa mwisho wa mstari, akabwaga kikapu chini. "Ai! Wewe nawe, si uwasalimie wote uwamalize! Mtu ukishamsalimia leo, atakusalimia tena ya nini?"

Nilimwambia hakuna wakati, mvua ya mchana haikuwa mbali. Akaniambia muda ninaoutumia kubishana ningekuwa nimeshasalimia nusu yao. Basi nikaweka rekoda chini ya mwavuli, nikaingia kwenye chai.

Nilikwenda mstari kwa mstari. Hakuna aliyenihurumia. Nilikuwa na deni lao la Alhamisi na walilidai lote. Niliulizwa habari za mama, naye yuko pale pale anachuma. Niliulizwa kama Kisii tunakula vizuri. Mmoja alinieleza goti lake tangu lilipoanza kuuma hadi lilipofikia. Nilijibu nikiwa nimeuma meno, jicho moja kwenye mawingu.

"Mbona umekunja uso hivyo?" akaniuliza jirani.

"Ni jua."

"Jua liko wapi?"

Nilipomaliza wa mwisho, mawingu yalikuwa yameshafika juu ya kituo cha chai. Nikarudi kijiani mbio, nikabonyeza. Wakachuma. Hakuna aliyenitazama, nilikuwa nimeshaishiwa na habari. Vidole, vikapu, nailoni, mtu akisafisha koo mbali. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili.

Katika ya tatu, akatokea juu ya kijia mwanamke ambaye hakuna aliyemtarajia, mgeni kwetu, mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda sokoni. Akaniona. Nikaona kifua chake kikijaa pumzi. Nilitaka kulia. Lakini jirani yetu alikuwa karibu naye kuliko mimi: alichomoka kwenye chai kama mtu anayefukuza kuku, akamziba mdomo kwa kiganja. Mkungu ukaanguka. Wakabaki hivyo, macho yamewatoka wote wawili, hadi nilipobonyeza kitufe cha kuzima. Matone ya kwanza yakaanza.

Jumanne mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Karibu na mwisho akayafumbua.

"Nini kimeanguka hapa?"

"Ndizi, mwalimu."

"Nani kaziangusha?"

"Mwanamke aliyetaka kunisalimia."

"Salamu tu, ndiyo aangushe ndizi?"

"Alizibwa mdomo, mwalimu."

Akavua hedifoni. "Binti, hebu niambie. Huko kwenu mnaishije?"

Akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena pale pale, mara mbili.

"Neno halimo," akasema hatimaye. "Ndizi si neno. Uje muhula wa pili."

Nilipofika nyumbani mama hakuuliza nimefaulu au nimeshindwa. Mjomba ndiye aliyeuliza, akajibiwa, akaaga mapema. Mama alitaka kujua kama nimemwomba radhi mwenye ndizi. Alikuwa ameshaulizia kwao, mbali, ng'ambo ya Keroka, na kabla muhula haujaanza nilitakiwa kufika huko, nikae chini, nimsalimie vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, tena bila hicho kijiti.