Sabasaba ya maksai wa baba

Leo mpangaji wangu kaniita mwenyeji, nikacheka mpaka chai ikanipalia!

Ni fundi cherehani, kahamia Chimala juzi tu. Kauliza, "Mama, zamani nyie wenyeji Sabasaba mlikuwa mnafanyaje?"

Mwenyeji gani? Sisi Wasukuma. Tuliingia huku Usangu miaka ya sabini tukiswaga ng'ombe.

Nikamweleza. Sabasaba ndiyo siku kilipozaliwa chama kilichopigania uhuru, na enzi zile ilikuwa pia siku ya wakulima. Kila mtu alileta uwanjani kitu chake bora.

Wenzetu walileta mpunga. Baba yangu akaja na maksai wawili na plau.

Watu wakacheka! "Mgeni kaleta kitoweo!"

Baba akawafunga maksai nira, akalima pembeni ya uwanja, na ardhi ya Julai mnaijua, ngumu kama sakafu.

Kicheko kikakatika.

"Mkapewa zawadi?" fundi akauliza.

Wapi! Ilienda kwa mpunga.

Ila kesho yake asubuhi wazee wa Kisangu walikuwa mlangoni kwetu, wanamwomba baba awafundishe vijana wao kulima na maksai.

Fundi kasikia hayo, kabeba cherehani yake, kaiweka barazani, kaanza kushona.

Mlio jirani, njooni mumwone.