Nyumba ya Mnada Kule Auderghem

Nyumba ikienda mnadani hapa Brussels, hufunguliwa kwa watu siku mbili tatu kabla ya mauzo, na yeyote anaweza kuingia. Haulizwi kama ana pesa. Nilipogundua hilo nilikuwa nasafisha ofisi karibu na kituo cha Schuman alfajiri, na mchana sina la kufanya, nikaanza kwenda kutazama nyumba za watu kama wengine wanavyokwenda sinema. Nilifungua makabati, nilipanda darini, nilishuka kwenye vyumba vya chini vyenye makaa ya zamani. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu sikuweza kutulia. Tangu hapo nimeishi Kigoma, Bujumbura, Lubumbashi na Marseille, sikudumu popote, ila kila mahali niliuliza vitu vimetengenezwaje.

Nyingi za nyumba hizo zilikuwa zimekamatwa kwa kodi ya serikali. Mwenyewe amehama, amefariki, au amechoka kufungua barua. Miaka inapita, ofisi ya kodi inaikamata, na notaire, yule mwanasheria anayesimamia mauzo hapa, anaitia mnadani. Kila nyumba ina kitabu chake cha masharti, kurasa nyingi za Kifaransa kigumu. Cha kwanza nilikisoma wiki tatu nikiwa na kamusi. Cha kumi nilikimaliza jioni moja. Ndivyo nilivyonunua gereji ya gari moja Anderlecht, nikaiuza, nikanunua chumba kimoja na jiko. Nyumba nzima ya kwanza ilikuwa hii ya Auderghem.

Ilikuwa nyembamba, ya matofali, mwisho wa mtaa unaoelekea msituni. Mwenyewe alihamia kusini akaacha ghorofa mbili za juu tupu, na kodi zikalimbikizana. Chini aliishi mama mmoja wa Bujumbura, mstaafu, aliyetumia nguvu zake kuwahudumia wazee wa Kibelgiji. Alikuwa hapo miaka kumi na moja kwa makubaliano ya mdomo tu. Kitabu cha masharti kilisema wazi kwamba mnunuzi hafungwi na makubaliano hayo. Akitaka, anamtoa.

Nilikwenda siku moja kabla ya nyumba kufunguliwa kwa watu. Aliposikia Kiswahili alinivuta ndani kama ndugu aliyepotea. Nikamweleza nia yangu: ninunue, nikarabati juu, yeye abaki chini kwa mkataba wa maandishi.

"Na wanunuzi wengine?"

"Wengine wataitaka ikiwa tupu, Maman."

Aliyatazama mapazia aliyoyashona mwenyewe. Kisha akainama akachukua kopo la rangi nyeupe na brashi mpya, akaanza kuhamisha viti. Ukuta wa nyuma ulikuwa na doa la kahawia kutoka darini hadi sakafuni, na plasta imevimba.

"Kesho wanakuja wageni. Alors, niwapokee na ukuta kama huu?"

Nilimwomba asubiri. Nilifungua dirisha la nyuma, nikapekua majani yaliyotambaa ukutani, nikalikuta bomba la maji ya mvua limepasuka urefu wa mkono. Niliwahi kufanya kazi na mafundi wa mapaa, najua maji yakianza kumwagika pale yanaishia wapi. Nikachokoa boriti kwa bisibisi. Ngumu kama mfupa. Basi haikuwa mérule, ile kuvu inayokula mbao na kupenya ukuta, ambayo wanunuzi wa Brussels wanaiogopa kuliko moto.

"Usipake rangi," nikamwambia. "Kulificha doa ni udanganyifu. Na likionekana, wengi watakimbia."

"Unataka waniseme mchafu."

"Nataka ubaki hapa."

Alikubali kwa shingo upande. "Lakini chai nitatoa."

"Maman, kila kikombe kinapandisha bei."

"Ipande! Muntu aingie kwangu atoke na koo kavu? Mimi si mnyama."

Jumamosi alipanga meza: chupa mbili za chai ya tangawizi, maandazi, vikombe vya sherehe. Wabelgiji walioingia na tepu za kupimia walibaki wameduwaa mlangoni, hawajawahi kukaribishwa kwenye mnada. Mimi nilimimina kama mpwa wa nyumbani. Wakifika ukuta wa nyuma walinong'ona "mérule", wakaweka vikombe chini, wakaaga kwa adabu. Nilikuwa nahesabu migongo yao kwa furaha.

Ndipo akaja bwana mmoja mwenye viatu vizuri, pamoja na mwenzake. Niliwahi kuwaona katika nyumba nyingine. Wao hununua nyingi kwa mwaka, huwatoa watu, hugawa vyumba. Alikunywa vikombe viwili, akasifu maandazi. Halafu akasimama mbele ya doa, akamuuliza mama hili ni nini.

Mama alinigeukia mimi.

"Mwambie."

"Nimwambie nini? Alete fundi wake."

"Amekula kwangu, ameuliza. Mwambie kweli."

"Maman, huyu ndiye atakayekutoa!"

"Donc anitoe. Lakini hatatoka humu amedanganywa."

Nilikasirika. Nilitaka kumkumbusha kwamba atakayepoteza makazi ni yeye, si mimi. Lakini alikuwa amekunja mikono juu ya khanga yake na ananisubiri, na yule bwana pia ananisubiri. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha mitaani: bomba limepasuka nyuma ya majani, boriti ni nzima, njoo uone, bisibisi hii hapa.

Hakuichukua. Aliangalia mikono yangu.

"Bwana ni msanifu majengo?"

"Nasafisha ofisi."

"Ah." Akatabasamu. "Kila anayeishi kwenye nyumba husema ni bomba."

Akitoka alimwambia mwenzake, si kwa sauti ndogo sana, kwamba nyumba ikishaanza kukutolea mpwa wa kuitetea, ujue imeoza hadi msingi.

Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Miaka yote unasoma vitabu vyao, na bado unaonekana mwongo!"

Mnada ulikuwa wa mtandaoni, siku nane. Niliweka dau la kwanza asubuhi ile ile ulipofunguliwa, kwa kuwa kitabu kinasema wa kwanza hupunguziwa kidogo akishinda. Wachache hufika ukurasa huo. Siku ya mwisho nilikaa jikoni kwa mama, simu mezani, kikomo changu cha bei nimekiandika kiganjani. Dau likiingia dakika za mwisho, muda huongezwa, na kulikuwa na mtu mmoja asiyejulikana aliyepandisha dau juu yangu mara nne. Mama alizungusha tasbihi bila kutazama simu. Mara ya tano hakupandisha tena. Kikomo changu hakikuguswa.

"Bon?" aliuliza.

"Bon. Nimeipata."

Najivunia nyumba ile, na sioni haya kusema. Najivunia kurasa nilizozisoma na kamusi, na lile dirisha nililolifungua wakati wengine waliishia kutazama ukuta. Ila neno lile nililomwambia bwana wa viatu si langu peke yangu. Ningekuwa peke yangu ningenyamaza, ningenunua vilevile, na leo nisingeisimulia.

Wiki sita baadaye nilitia sahihi kwa notaire, ofisi yake hatua chache kutoka Porte de Namur, nikachukua metro siku ile ile hadi Auderghem. Funguo nilikuwa nazo mfukoni, lakini nilipiga hodi.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nipo ndani. Wewe nani?"

"Mpangaji wa juu, Maman."

"Haya, pita. Umeleta karatasi?"

Nilikuwa nimeleta. Mkataba wa miaka tisa, kwa Kifaransa. Alivaa miwani akausoma wote, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimesimama. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja akaniambia nisome kwa sauti, kwa Kiswahili. Nikasoma kwamba katika miaka hiyo tisa si mimi mwenye nyumba, wala yeyote atakayenunua baada yangu, aliye na haki ya kumtoa.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena. Akatia sahihi.