Bia ya Vestine haikumuua Vestine

Hadi sasa akili yangu inakataa. Vestine wetu wa ofisi ya clearing, ya kutoa mizigo forodhani hapa Gisenyi, amekufa, tumeshamzika, na bado nashika simu nimpigie.

Nilitaka niandike kwa upole. Lakini nimesoma comments zenu chini ya picha yake na damu imenichemka.

"Pombe za kupika nyumbani zimemmaliza." Nani amekwambia? Ulikuwepo? Alianguka asubuhi akivaa viatu vya kazini, na daktari akasema ni moyo. MOYO! Na aliyeandika hivyo alikunywa bia ya marehemu wakati wa Krismasi, akaomba na chupa ya kubeba.

Sasa nisikilizeni.

Vestine alikulia Goma, mimi nilikulia Tanzania, tukakutana meza moja hapa. Nikiongea tu anacheka: "We Mutanzania, unaongea kama habari ya redio." Kila siku. Hakuchoka.

Bia yake ya kwanza aliichachusha jikoni, karibu na jiko la makaa. Ilinuka rangi ya kucha! Tulikunywa kidogo kwa heshima, kesho yake ofisi nzima ikashika vichwa, na kwenye meeting hata boss alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Yeye aliumia. "Sitaki mutu aamuke kichwa kinamuuma juu ya bia yangu," akaniambia, na hakupika tena mpaka alipojua kosa liko wapi.

Kosa lilikuwa joto. Hamira ikipata joto sana inafanya kazi mbio mbio na kuharibu, ikipata baridi inalala. Na Gisenyi yetu mnaijua, mchana jua, usiku upepo wa ziwani unakutafuta mpaka ndani ya blanketi.

Akanunua friji kuukuu, na kiboksi cheusi chenye namba nyekundu. Friji inachomekwa kwenye kiboksi, kiboksi ukutani. Bia ikipanda juu ya nyuzi kumi na tisa, kiboksi kinawasha friji. Ikishuka sana, kinazima friji na kuwasha balbu aliyoifunga ndani ya kopo, ipashe joto taratibu.

Majirani wa mtaani kwake Mbugangari walicheka wakachoka. Friji yenye balbu ya kupasha moto! Eti Vestine amerukwa na akili.

Waya wa kiboksi wa kupimia joto aliubandika kwenye ndoo yenyewe, akaufunika na kipande cha sponji. Mimi nilidhani unaning'inizwa tu humo ndani. Weee! "Hewa inadanganya! Pima bia, usipime hewa. Na ufunge mulango!"

Huyu ndiye mnayesema alikuwa anapika sumu. Mtu aliyetoka lunch mbio kwenda kuangalia namba, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Haya. Siku ya pili ya msiba nafika kwao, naingia jikoni kutafuta vikombe. Kiboksi kiko sakafuni. Waya umeng'olewa. Friji imechomekwa moja kwa moja ukutani, inanguruma, na ndoo ya bia imezungukwa na chupa za fanta.

Ilikuwa bia yake ya mwisho. Aliianza siku chache kabla hajatutoka.

Kaka yake mkubwa, Ya Faustin kama wanavyomwita, akaniambia bila wasiwasi: "Bon, hii friji ilikuwa mubovu. Inaonyesha kumi na tisa! Friji gani ya kumi na tisa? Batu wako na kiu, nikaitengeneza."

Ameitengeneza! Mana yanje, Mungu wangu.

Nikamwambia hiyo ni bia ya dada yako na umeilaza kwa baridi kabla haijamaliza kuchacha. Akajibu kwa sauti ndogo, "Hata ikikufa ni sawa. Mama hataki kuiona. Wanasema njo hii ilimuua."

Hapo ndipo nilipojua maneno yenu yamefika mpaka kwenye mkeka wa mama yake. Mama mzima amekaa na msiba, na kila anayeingia kutoa pole anamwachia huo uchafu masikioni. Hamuoni aibu?

Nilitoa fanta zote nje. Nikabandika waya kwenye ndoo, nikarudisha sponji, nikachomeka friji kwenye kiboksi, kiboksi ukutani. Kilionyesha nne. Balbu ikawaka, nikaitikisa ndoo polepole hamira iinuke kutoka chini, nikamwambia Ya Faustin akigusa tena tutapigana hapo hapo mbele ya padri.

Nililia nikiwa nimeegemea ile friji. Niliogopa ikiharibika watasema, mnaona?

Kesho yake bia haikufanya kitu. Siku iliyofuata nikaweka sikio kwenye kifuniko, nikasikia mapovu yanapanda. Nilipiga kelele, waombolezaji wakadhani nimepagawa.

Siku ya kumaliza matanga, gukura ikiriyo, niliibeba mwenyewe nikaiweka katikati ya sebule. Bado changa, haina gesi. Watu wakaangalia ndoo kama nyoka, hakuna aliyesogea.

Basi mama yake akanyoosha mkono. "Hii ni ya Vestine?"

"Ndiyo, Mama."

Akanywa. Akanywa tena mpaka kikombe kikaisha. Halafu akasema, wote wakisikia: "Donc haiko hii iliniulia mutoto." Yaani siyo hii iliyomuua mwanawe.

Akamgeukia Ya Faustin, akamwambia awagawie watu.

Vestine, dada yangu, nimekaa leo kwenye meza yetu nikakosa wa kunicheka. Hao waliokusema sijawasamehe, usinilazimishe. Lakini mama yako anajua. Nenda kalale, rafiki yangu, ulale vizuri.