Risiva Isiyo na Homa

Baba yangu alipotangaza kwamba anarudi Sangailu, mimi nilikuwa nachagua risiva. Nasema hivyo mapema ili ieleweke akili zangu zilikuwa wapi. Alikuwa amekaa nasi Garissa tangu mvua za mwaka uliopita. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia lilifanya kazi kwa hiari yake. Kifaa cha kusikilizia alikikataa. Alisema wanaovalishwa vitu masikioni ni mbuzi wakati wa chanjo, na yeye hana mpango wa kuchanjwa.

Nilimkatalia safari. Sangailu kuna ndugu yangu na ng'ombe, sawa, lakini moyo wa baba ulikuwa umeanza kumsumbua, na kutoka kule mpaka kwa daktari wa maana ni kutwa nzima ya vumbi. Niliogopa kwamba nikimwachia aende sitamwona tena akiwa hai. Nilipomtazama jioni ameketi mbele ya televisheni, akikodolea macho midomo ya mtangazaji, nikajiambia kinachomfukuza ni huo ukimya. Dawa ni spika.

Mke wangu aliuliza kama ni dawa ya baba au ni ile sinema ya nyumbani niliyokuwa naiota tangu tuoane. Nikamwambia Mwenyezi Mungu anaweza kutimiza haja mbili kwa sanduku moja. Alinyanyua tu nyusi, na mimi nikachukua funguo za gari.

Risiva, kwa ambaye hajapatwa na ugonjwa huu, ni sanduku jeusi linalochukua sauti ya televisheni na kuigawa kwa spika zilizozunguka chumba, ili risasi ikipigwa kwenye filamu uisikie ikipita nyuma ya shingo. Kwa watu wa upande huu hiyo si burudani ngeni, lakini tunaipenda hivyo hivyo.

Nilikwenda dukani na baba. Mwenye duka, Msomali mwenzetu aliyekulia Nairobi, alikuwa amewasha risiva moja kubwa kama jiko la mkaa la hotelini, ikinguruma mpaka vioo vinatetemeka.

"Buda, hii ni mnyama," aliniambia. "Spika saba inasukuma. Jirani wako atahama, wallahi."

"Na mtu akiongea tu? Habari, kwa mfano?"

"Maneno yanatoka kwa spika ya katikati. Unaiongeza hiyo peke yake, zingine unaacha. Mzee atasikia mpaka mtu akimeza mate."

Nilikuwa nimeshapenda. Nilikuwa naona mahali itakapokaa, naona wageni wakiniuliza bei na mimi nikijifanya nimesahau. Wakati huo baba alikuwa amezunguka nyuma ya ile mashine. Alikuwa dalali wa ng'ombe miaka mingi kabla ya masikio kumtoa sokoni, na hajawahi kununua kitu bila kukishika. Akaweka kiganja mgongoni mwa mashine, akakiacha hapo, akatikisa kichwa.

"Huyu ana homa," akasema kwa Kisomali.

Akasogea kwa risiva ndogo iliyokuwa kwenye rafu ya chini, akaipapasa mbavu. "Huyu mzima."

Nilimwinamia sikio la kulia, nikampigia kelele kwamba mashine zote hupata joto zikifanya kazi, na kwamba ile ya chini ni baridi kwa sababu haijachomekwa kwenye umeme. Sikio lilikuwa likizo. Na hata lingekuwa kazini nilikuwa nimechelewa, maana baba alikuwa ameshavua shali begani na kuitupa juu ya mkono wa mwenye duka.

Katika soko letu la mifugo bei haitamkwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, vidole vinasema, na ninyi mliosimama pembeni mnabaki kusoma nyuso. Mwenye duka alishtuka, kisha akacheka. Babu yake aliuza ngamia Wajir, na inaonekana vidole havisahau. Walibishana hapo chini ya shali bila neno hata moja. Baba aliminya, yule akakunja uso, baba akatazama dari kama mtu aliyetukanwa, kisha wote wawili wakatabasamu. Sikuwa nimemwona baba akizungumza na mtu kwa muda mrefu hivyo tangu ahamie kwangu. Shali ilipoondolewa biashara ilikuwa imekwisha, na mkono uliokubali chini ya shali haurudishwi.

Nikaondoka na risiva isiyo na homa. Nilinuna njia nzima.

Nyumbani fundi wa umeme, kijana wa Mwingi, alifungua kijitabu cha maelezo. Mchoro ulimwonyesha mtu ameketi katikati ya chumba kwenye kochi, peke yake, hana mgeni, hana mto, hana hata kikombe cha chai. Nilimhurumia. Sebule yetu ina magodoro ya kukalia kwenye kuta zote nne, na katikati ni zulia tupu. Fundi alitaka kuweka spika za nyuma sakafuni.

"Wewe, fundi, usiweke habo," baba alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Habo watu naegemea."

Spika zikapanda ukutani. Fundi akazijaribu kwa muziki kutoka kwenye simu yangu, akaenda zake. Nikaweka taarifa ya habari ya Kisomali, nikaongeza spika ya katikati mpaka vikombe vikacheza kwenye sinia.

"Unamsikia?" nilimuuliza baba.

"Namsikia," akasema. "Simjui. Gari la Sangailu linaondoka asubuhi."

Nilitamani kulia, kisha nikatamani kuipiga teke mashine. Ndipo ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu. Ulikuwa wa dada yangu aliyeolewa huko Diff. Niliufungua bila kufikiri, na kwa kuwa simu ilikuwa bado imeunganishwa na risiva, sauti yake ikajaa chumba.

"Aabo, ni mimi binti yako. Nasikia unataka kuondoka. Niambie ukweli. Hawakulishi?"

Baba aliketi wima. Aligeukia spika ya katikati na kuijibu, kama binti yake yumo ndani.

"Wananilisha. Nyama, maziwa, kila kitu. Mke wa ndugu yako ni mtu mwema." Akangoja. Ujumbe ulikuwa umeisha, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. "Ila hapa watu wanaongea, wakifika kwangu wanatabasamu tu, wananiruka. Sangailu ng'ombe nao hawaongei na mimi. Lakini kwa ng'ombe sikutegemea."

Mke wangu alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Mimi nilizima risiva. Nikavuka zulia, nikakaa karibu na sikio lake la kulia, na kwa kuwa sikujua nianze na nini, nikaanza na mambo ya ofisini kwangu: bosi wangu, jenereta iliyoharibika, mtu aliyekuja kudai cheti cha kifo cha ngamia. Nilipaza sauti yote niliyopewa na Mungu.

"Punguza," baba akasema, akisogea kunipa nafasi. "Mimi si kiziwi. Huyo ngamia alikuwa wa nani?"